Panga Nyekundu Saa Nane Usiku: Kupanga Ulinzi wa Muungano kwenye Travian

Anayecheza Travian, gemu ya mtandaoni ya kujenga vijiji na kupigana, anazijua zile panga nyekundu. Unafungua simu kuangalia kama nafaka imefika ya kujengea, unazikuta zimekaa kimya kwenye skrini, na pembeni yake muda unapungua sekunde kwa sekunde. Mtu anakuja kukuvamia. Mara ya kwanza lilipotukuta hilo sisi, grupu la WhatsApp lilijaa ujumbe kama mnada wa korosho, na kila mtu akatuma askari aliokuwa nao kwa kila aliyelia. Kulipokucha tumepoteza kijiji kimoja kwa adui. Kijiji cha pili hakikuguswa na mtu, ila askari waliokwenda kukisaidia walikufa njaa humo humo.

Mwongozo huu ni wa watu kama sisi. Kwenye muungano wetu tuko kumi na wanane, tumetawanyika Mtwara mjini, Mikindani, Masasi, Newala na Lindi, na wengi tunacheza kwa simu na bando la wiki. Gemu yenyewe ni ya Wajerumani, ipo tangu 2004, inafunguka kwenye kivinjari bila kupakua kitu, ndiyo maana haituumizi mfukoni. Ubaya wake ni mmoja: seva hailali. Wewe ukilala, jeshi la mwenzako linatembea. Kwa hiyo nitaongea sana kuhusu saa na chakula, na kidogo kuhusu askari. Anayetaka kujua ni askari gani mkali kuliko mwingine atajifunza kwa wiki moja tu. Saa na chakula ndivyo vilivyotumaliza.

Hatua ya 1: Kubalianeni saa kabla ya kitu kingine chochote

Msicheke. Mwenzetu wa Masasi aliona kwenye skrini yake 04:00. Kwa haraka akaandika grupuni: "Nashambuliwa saa nne usiku, njooni." Jicho lilisoma tarakimu nne, kidole kikaandika saa nne. Sisi tukaelewa saa nne ya watu wote, ile ambayo mama muuza pweza ndiyo kwanza anachochea mkaa. Askari elfu tatu na ushee waliingia kijijini kwake saa tatu na nusu usiku. Kimya.

"Kaka, mbona shwari?"

"Subirini, wanakuja."

Tukasubiri. Wengine tukalala. Kwenye saa nane ghala likafika sifuri na askari wakaanza kufa mmoja mmoja, kwa sababu kwenye Travian jeshi la msaada linakula nafaka ya kijiji lilikosimama, halili ya kwao. Adui aliingia saa kumi alfajiri, kama skrini ilivyosema tangu mwanzo, akamalizia waliobaki.

Tangu siku ile kanuni ni hii: muda wowote wa vita unaandikwa kwa tarakimu, pamoja na sekunde zake, kwa saa ya seva. Seva yetu inatumia GMT, kwa hiyo unaongeza saa tatu kupata saa ya simu yako. Ikiandikwa 23:40:12, simu yako itasoma 02:40:12, yaani saa nane na dakika arobaini usiku. Angalieni na tarehe, maana hapo seva bado iko tarehe 14 wakati wewe umeshaingia tarehe 15. Mtu akiandika "kesho usiku" hatumjibu mpaka aandike upya.

Hatua ya 2: Daftari la watu

Nunueni kaunta buku. Najua kuna programu za kila namna, lakini simu inazima, daftari halizimi. Kila mtu apate ukurasa wake: vijiji vyake na namba zake za ramani, askari wa ulinzi alionao, na saa ambazo kweli yuko macho. Hizo saa ndizo zenye kazi. Askari elfu mbili wa mtu aliyelala ni sifuri, hata kama kwenye orodha wanapendeza.

Na hapa ujue unacheza na watu gani. Tunaye mwenzetu wa Mikindani anayevua dagaa kwa taa. Mwezi ukiwa giza yuko baharini usiku kucha, hana mtandao; mbalamwezi ikiwa kubwa yuko nyumbani, na huyo ndiye mlinzi wetu bora wa usiku kwa sababu amezoea kukesha. Tukaacha kumlaumu, tukaanza kumpangia kwa mwezi. Wenye mikorosho huko Newala na Tandahimba, kuanzia Oktoba usiwategemee mchana: wanaokota, wanabangua habari za bei, wanafuatilia mnada. Mwanafunzi anapatikana usiku ila siyo wiki ya mitihani. Haya yote yaandikwe.

Gemu inakuruhusu kuteua watu wawili wa kukushikia akaunti ukiwa haupo. Wateue leo, usingoje siku ya panga. Mmoja awe mtu wa usiku na mwingine wa mchana, na wasiwe wote mtaa mmoja, maana umeme ukikatika Chikongola unakatika kwa wote wawili. Kumpa mtu nywila yako si sawa na kumteua, na akaunti ya pili kwenye seva ile ile ni kosa la kufungiwa. Tuliwahi kumpoteza mtu namna hiyo bila hata adui kunyoosha mkono.

Hatua ya 3: Soma kinachokuja

Gemu haikwambii adui ameleta askari wangapi. Inakwambia ametoka wapi na anafika lini. Kwa mtu mwenye kalamu, hayo yanatosha kuanzia.

Chukua namba za ramani za vijiji vyote viwili. Tuseme kwa upande mmoja vinatofautiana miraba 12, na kwa upande mwingine 9. Hapa ndipo hesabu ya Pythagoras tuliyoichukia darasani inapolipa: 12 mara 12 ni 144, 9 mara 9 ni 81, jumla 225, kipeuo chake 15. Umbali ni miraba 15.

Sasa mwendo. Kwenye seva ya kasi ya kawaida, manati makubwa ya kubomolea majengo (sisi tunayaita manati tu) yanakwenda miraba 3 kwa saa. Magogo ya kuvunjia ukuta ya Warumi na Wateutoni (makabila ya kwenye gemu, pamoja na Wagauli) yanakwenda 4. Wale vijana wa rungu wa Kiteutoni wanakwenda 7. Farasi wepesi wa Wagauli wanafika 19. Jeshi zima hutembea kwa mwendo wa yule mzito kuliko wote. Kwa miraba 15, basi, manati huchukua saa 5 kamili, magogo saa 3 na dakika 45, vijana wa rungu saa 2 na dakika 8 hivi, na farasi hawamalizi hata saa moja.

Umefungua simu ukakuta shambulio la Mteutoni limebakiza saa 4 na dakika 20. Hao hawawezi kuwa watu wa rungu peke yao, wala magogo. Humo kuna manati. Na kama limebakiza saa 2 kamili? Hapo huna uhakika, maana huenda wametoka muda mrefu na wewe ndiyo kwanza unaona. Ndiyo sababu kila mtu aangalie akaunti yake kila baada ya muda na kuandika saa aliyoona panga kwa mara ya kwanza. Taarifa ya "nimekuta panga" bila saa ya kuziona ni nusu taarifa.

Shida ni kwamba adui naye amesoma. Anaweza kutuma manati moja na askari wachache, na kwenye skrini yako itaonekana sawasawa na jeshi lote. Atatuma hizo kwenye vijiji kumi vya muungano wenu ili muhangaike, kisha pigo la kweli liende kwenye kimoja. Hakuna dawa kamili ya hili. Mimi huangalia mambo matatu. Mawimbi manne au matano yanayofika ndani ya sekunde moja au mbili yananitia wasiwasi kuliko shambulio moja moja lililotawanyika. Kijiji yanakotoka: ndicho kile ambacho tunajua jeshi lake kubwa linalala? Na lengo: ningekuwa yeye, ningepiga wapi? Swali hili la tatu ndilo limetuokoa mara nyingi zaidi.

Hatua ya 4: Amueni kipi kinaachwa

Hii ndiyo hatua inayovunja urafiki. Hamwezi kulinda vijiji vyote. Mkijaribu, mtaweka askari mia tano kila mahali na wote watakufa.

Vya kulinda kwanza ni kijiji kikubwa cha nafaka, kwa sababu ndicho kinacholisha majeshi, na kijiji kinachozaa jeshi lenu la kushambulia. Makao makuu ya mchezaji hayatekwi, yanaweza tu kubomolewa, kwa hiyo wakati mwingine hupanda au kushuka kwenye orodha kulingana na kilichojengwa humo. Vijiji vidogo vya pembeni viko mwisho. Tuna mzee wetu mmoja ambaye wote tunamwita Mjomba; alipoambiwa kijiji chake cha tatu kimo kwenye orodha ya kuachwa, alipiga simu.

"Mnakiacha? Nimekijenga miezi miwili!"

"Mjomba, shikamoo kwanza. Tukikilinda hicho, kile cha nafaka kinaondoka."

"Marahaba. Nani kasema kitaondoka?"

Ilichukua dakika ishirini na salio langu lote. Ndiyo maana nasema orodha iandikwe siku ya amani, watu wakiwa wametulia, si saa saba usiku.

Kijiji kinachoachwa hakiachwi kama kilivyo. Hamisha rasilimali kwa wafanyabiashara wako, zinazobaki zitumie kujenga chochote, zilizosalia zitaingia kwenye maficho. Askari wako wa kushambulia, ambao kwenye kujilinda hawana maana, watoe nje. Tuma kama msaada kwenye kijiji kingine dakika moja hivi kabla ya pigo, pigo likishapita bonyeza kuwarudisha. Gemu inakupa sekunde 90 tangu walipotoka za kughairi safari, na watarudi kwa muda ule ule waliokuwa wametembea. Adui anabomoa ukuta wa kijiji kitupu.

Sisi wa kusini tuna mfano wetu wa hesabu hii. Oktoba 1917, kule Mahiwa mkoani Lindi, jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilisimama likawazuia Waingereza kwa siku kadhaa, na upande ulioshambulia ndio uliopoteza watu wengi zaidi. Lakini watu na risasi walizotumia Wajerumani hazikuwa na pa kupatikana tena. Mwezi uliofuata walivuka Ruvuma kukimbilia Msumbiji. Kabla ya kusema "tunasimama hapa", uliza kesho mtakuwa na nini.

Hatua ya 5: Andika amri inayoeleweka na mtu mwenye usingizi

Mtu mmoja tu ndiye anayetoa amri, na awepo wa pili akikosekana wa kwanza. Hii hapa ni ya kweli, nimebadilisha namba za ramani tu:

KIJIJI: Msimbati (-34|51)
PIGO: 23:40:12 seva, mawimbi 5
TUNATAKA: wa miguu 6,000, wapelelezi wowote
FIKENI: kati ya 23:30 na 23:38 seva
GHALA: 38,000
ONDOENI: nikisema "rudisheni", si kabla
JIBU: idadi na muda wa kufika

Mstari wa mwisho ni wa lazima. Watu wetu wana adabu nzuri, ukiwaagiza wanajibu "sawa kaka", "pamoja", na dole gumba. Huwezi kuweka dole gumba ukutani. Jibu linalokubalika ni "900, nafika 23:34".

Kila anayetuma ajipigie hesabu yake. Aliye miraba 14 na askari wa Kigauli wa miguu wanaokwenda 7 kwa saa anahitaji saa mbili: ili afike 23:35 atume 21:35 seva, saa sita na dakika thelathini na tano usiku kwetu. Mrumi aliye hapo hapo na Praetorian, askari wa miguu wa Kirumi wa kulinda, wanaokwenda 5 anahitaji saa 2 na dakika 48, kwa hiyo anatangulia kuamka karibu saa nzima kabla ya mwenzake. Wekeni alamu mbili, ya pili mbali na kitanda.

Kuna mchezo mwingine wa hatari, wa kuingiza msaada katikati ya mawimbi: wimbi la kwanza la kusafisha linapita, wenu wanaingia sekunde inayofuata, wanaua manati na wale machifu wa kuteka kijiji wanaokuja nyuma. Mwenye mtandao tulivu aujaribu. Kwa simu yenye chaji asilimia kumi na mtandao unaozunguka, wekeni askari mapema nyuma ya ukuta mkalale.

Chakula, tena

Sijaipa namba hatua hii kwa sababu ipo ndani ya zote. Kijiji cha Msimbati kilikuwa na ziada ya nafaka 600 kwa saa. Wakiingia 6,000 wanaokula moja moja kwa saa, ziada inageuka upungufu wa 5,400. Ghala lenye 38,000 litadumu saa saba na dakika chache. Kama pigo limeahirishwa au lilikuwa la uongo, mna usiku mmoja tu. Na manati yakilenga ghala lenyewe, hata hizo saa saba hamna.

Kwa hiyo wasio na askari wana kazi: wanatuma nafaka. Wapeni zamu kama wengine, na wafanyabiashara wao nao wana mwendo na muda wa kufika. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huku mgeni wa vita hangoji hata asubuhi ya kwanza. Pigo limepita, wapelelezi hawaoni lingine, arudishwe kwao akale kwao.

Ukuta, na nani wa kutumwa

Haraka haraka. Ukuta wa Kirumi unaongeza asilimia 3 kwa kila ngazi juu ya iliyotangulia, wa Kigauli 2.5, wa Kiteutoni 2, hivyo kwenye ngazi ya 20 ulinzi wote uliopo kijijini hupanda kwa asilimia 81, 64 na 49 hivi. Unawasaidia na wageni, siyo wenyeji tu. Ni msaada wa bei rahisi kuliko askari, na sijui kwa nini watu wanauacha ngazi ya tano. Jengo la makazi nalo lipandishwe, kwa kuwa adui hateki kijiji mpaka alibomoe kwanza, na hata hapo utiifu wa kijiji, unaoanzia 100, unashuka kwa 20 na kitu kwa kila chifu, hivyo anahitaji wanne au watano.

Praetorian ana alama za ulinzi 65 dhidi ya wa miguu na 35 dhidi ya farasi. Mwenye mkuki wa Kiteutoni ni kinyume chake, 35 na 60. Phalanx, yule askari wa miguu wa Kigauli, yuko katikati, 40 na 50. Ukijua adui analeta farasi, usimjazie Praetorian. Usipojua, changanya.

Nani asome mpango

Mwaka 1587 Wazimba, wapiganaji waliotoka upande wa Zambezi, walipofika mbele ya Kilwa Kisiwani, maji yaliwasimamisha. Wareno walioandika habari za wakati ule wanasema aliyewaonyesha pa kuvuka maji yakipwa alikuwa mtu wa Kilwa mwenyewe. Grupu la watu kumi na wanane ni kisiwa chenye vivuko vingi. Sisi grupu kubwa linapata amri inayomhusu mtu tu, yaani kijiji na muda. Ramani nzima, orodha ya vijiji vya kuachwa na jumla ya askari viko kwa watu wanne, na kwenye kaunta buku. Ukitaka kujua kama kuna anayevujisha, mpe kila unayemshuku muda tofauti kidogo wa kufika kwa msaada hewa, kisha angalia adui anabadilisha saa zake kufuata upi. Tulifanya hivyo mara moja. Aliyevujisha hakuwa msaliti. Alikuwa dogo aliyekuwa anamwonyesha rafiki yake skrini kijiweni kwa majivuno, na rafiki yule yuko muungano wa jirani.

Asubuhi

Kabla ya chai, mtoa amri anaandika "rudisheni" na kuhakikisha kila mtu amerudisha. Kuna ambao husahau jeshi lao ugenini mpaka jioni. Kisha ripoti ya vita inabandikwa, waliopoteza askari wanahesabiwa, na mwenye kijiji anawatumia chuma na udongo wa kuanzia upya kulingana na walichopoteza. Mjomba alipolindwa kijiji chake cha nafaka mwezi uliofuata, alituma rasilimali siku hiyo hiyo kwa watu sita, na kwa mimi niliyemmalizia salio akatuma fungu la ming'oko ya kuchemsha kwa bodaboda kutoka sokoni. Kwenye daftari nimemwandika: hulala saa tatu, huamka saa kumi, apewe zamu ya alfajiri.